Wimbo Alioupenda Mkunga

Kinyozi alikuwa ameshamnyoa dereva wa lori shavu moja, la pili bado limejaa povu, mlango uliposukumwa, mkono wake ukasimama hewani.

Hakuwa na haja ya kugeuka. Kwenye kioo aliuona uso ambao tangu mwaka juzi alikuwa akiukwepa, akipita vichochoroni kama mwizi wa kuku ili asikutane nao barabarani. Chiriku alivaa gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani. Macho yalikuwa yamemvimba. Jina hilo la utani alipewa utotoni kwa kuwa hakujua kunyamaza, na hata alipokosa la kusema aliimba. Lakini asubuhi hiyo alisimama mlangoni kimya, mpaka dereva akafumbua jicho moja.

"Fundi, mbona umeganda? Mimi nina safari."

"Samahani, mzee." Kinyozi akashusha wembe.

"Habari za kazi, Nyuzi," Chiriku akasema.

Nyuzi. Mtaani kila mtu alimwita hivyo kwa sababu ya gitaa lake, lakini hakuna aliyelitamka jina hilo kama yeye, taratibu, kana kwamba analijaribu kidoleni.

"Nzuri. Karibu. Pole na msiba, nilisikia."

"Ulisikia. Mazikoni hukuja."

"Nilikuja. Nilisimama nyuma kabisa, pale ukutani."

"Nyuma," Chiriku alisema, akatikisa kichwa. "Haya. Angalau ulikuja."

Dereva akajiinua kitini, povu likimdondoka kifuani. "Kumbe wewe ni binti wa Mkunga? Pole sana, mwanangu. Mama yako ndiye aliyemzalisha mke wangu. Kitinda mimba wetu alitanguliza miguu, watu wote wakashika vichwa, mama yako akasema, 'Tulieni, mtoto huyu ana haraka tu.' Mungu amlaze pema."

"Asante, mzee wangu." Akamgeukia kinyozi. "Leo mchana wenzake wanamfanyia kumbukumbu, pale ukumbi wa hospitali. Nimeombwa niimbe. Nataka kuimba 'Usizime Taa'. Na nataka unipigie wewe."

Nyuzi akaanza kuupangusa wembe kwa kitambaa, akaupangusa tena ingawa ulikwisha takata.

"Wapiga gitaa ni wengi, Chiriku."

"Wapo, na nimewajaribu. Mmoja anaupiga kama wimbo wa harusi. Mwingine anakimbia kama ana basi la kuwahi. Wimbo ule tuliutunga wawili, hapa hapa, umefunga mlango. Wanaoujua ni mimi na vidole vyako."

"Mama yako hakutaka hata kunisikia."

"Wewe hakukutaka. Wimbo aliupenda. Nimeambiwa na wauguzi wenzake, hata mimi sikujua. Wanasema kule wodini, mama akiwa na mzazi anayeogopa, alikuwa akimshika mkono na kumwimbia huo. Nyumbani hakuwahi kuuimba. Alikuwa na kiburi chake, unamjua. Lakini huko aliuimba mpaka wenzake wote wakaushika."

Nyuzi akatafuta mahali pa kutazama. Macho yake yakaangukia mkono wa Chiriku uliokuwa umeegemea meza ya vitana. Kwenye kidole cha mkono huo wa kushoto palikuwa na pete nyembamba, ya dhahabu. Chiriku aliyaona macho yake yalipotua. Hakuuondoa mkono.

"Ni yule mfamasia wa hospitalini," alisema polepole. "Mama alipolala kitandani kwa ugonjwa ule, alikuja kila siku. Akamlisha, akamgeuza, akamfulia mashuka. Hakuwa na maneno mengi. Alikaa tu."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Nyuzi kama mwiba chini ya ukucha. Alijua hakulisema kwa kumchoma. Lilikuwa kweli tu, na kweli haihitaji kunolewa.

"Hongera," alisema.

"Sikuja kupongezwa. Utakuja au hutakuja?"

"Unajua kilichonipata siku ile."

"Sijui, Nyuzi! Nitajuaje? Hukuwahi kuniambia. Ulitoka kwa mlango wa nyuma, ukanyamaza mpaka leo. Nilikungoja. Nilisema kesho atakuja, kesho atakuja, mpaka nikajionea aibu mwenyewe."

Dereva wa lori alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtu anayejitahidi kuwa kiti.

"Sitaweza," Nyuzi akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Sikuombi uweze. Nakuomba uje."

Akatoka. Mlango ukajirudisha wenyewe, na harufu ya sabuni yake ikabaki ikizunguka katikati ya dawa za nywele.

Kisha dereva akakohoa.

"Fundi, hayo si yangu. Ila nimalizie shavu hili, nisije nikaingia barabarani kama mwezi nusu."

Nyuzi akaurudisha wembe shavuni. Ukapita kidevuni, ukateremka kooni, mahali ambapo ukikosea kidogo tu umeua mtu. Haukutikisika hata chembe.

Hilo ndilo lililomtesa. Mikono ile haikuwa mikono ya mwoga. Kila alfajiri, kabla hajafungua duka, alikaa kwenye kiti cha wateja, akalipakata gitaa, na vidole vikatembea kwenye nyuzi kama maji yanavyojijulia njia. Lakini weka mbele yake watu wanaotazama, hata wakiwa wachache, na vidole vile viligeuka vijiti.

Siku ile ya mashindano, mwaka juzi, walikuwa mamia. Chiriku alianza kuimba, yeye akatakiwa kuingia baada ya mstari wa kwanza. Akaisikia pumzi yake ikivuma masikioni. Jasho likamwingia machoni. Akaangalia mkono wake wa kulia ukiwa juu ya nyuzi, akauamuru ushuke, na mkono ukamkatalia kama punda. Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili. Mtu mmoja akapiga mbinja. Ndipo Nyuzi alipoinuka, akaliegemeza gitaa ukutani, akatoka. Akiwa nje kwenye ujia alimsikia Chiriku akiendelea peke yake, sauti ikipanda, ikiyumba, ikapasuka. Na baada ya hapo kicheko cha watu.

Siku ya pili yake Mkunga alikuja dukani akiwa na sare zake nyeupe. Hakupaza sauti. "Wewe nilikupokea mimi kwa mikono hii," alimwambia. "Ulikawia kulia mpaka nikakuchapa matakoni. Sikujua kama utakuwa mtu wa kukawia maisha yako yote. Mwanangu hataolewa na mtu anayemwacha mbele za watu. Usije kwangu."

Naye, kwa aibu, akautii ule mkatazo kuliko alivyotii kitu chochote duniani. Ulimpa pa kujificha.

* * *

Ukumbi wa hospitali ulikuwa nyuma ya majengo ya wodi, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nyuzi alifika akiwa amevaa shati jeupe, gitaa likiwa kwenye mfuko wake wa turubai. Mpaka alipofika getini hakuwa na hakika kama anaingia au anapita tu.

Kwenye mlango wa pembeni alimkuta kaka yake Chiriku, mchomelea vyuma, mabega kama kabati, mikono imejaa makovu ya cheche. Zamani walikuwa wakitaniana. Leo jamaa alisimama katikati ya mlango na hakusogea.

"Unataka nini hapa?"

"Shemeji, Chiriku ameniita nim..."

"Shemeji yako nani? Shemeji yangu yuko ndani, anapanga viti."

Nyuzi akainamisha kichwa. "Ni kweli. Samahani, kaka. Ameniita nimpigie."

"Najua alichokuitia. Nimemkatalia tangu jana, na kichwa chake unakijua." Akapunguza sauti. Harufu ya moshi wa chuma ilikuwa imemganda nguoni hata siku ya msiba. "Sikiliza, kinyozi. Siku ile mimi ndiye niliyempandia jukwaani dada yangu nikamshusha. Alikuwa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Wiki hii kamzika mama yake, hajamaliza hata machozi. Ukimfanyia tena ule upuuzi wako, wallahi utanyoa watu kwa meno."

"Nimekusikia."

"Na mlango wa nyuma, ule ulioko upande wa jukwaa, nimeshaufunga kwa kufuli. Ukitaka kukimbia utapita katikati ya watu."

Nyuzi akafikiri kidogo.

"Kaka, naomba uufungue."

"Nini?"

"Ufungue. Uache wazi kabisa. Nikijua umefungwa nitakuwa nauwaza huo tu. Na nikibaki, utasema nilibaki kwa sababu ya kufuli."

Kaka mtu akamtazama kwa muda, kama anavyotazama kiungo cha chuma asichojua kama kimeshika. Alitoa funguo mfukoni, akaenda.

Chumba cha nyuma ya jukwaa kilikuwa kimejaa viti vibovu vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Nyuzi aliketi kwenye kona, akaanza kukaza nyuzi na kuzilinganisha. Vidole vilikwisha anza ukaidi wao. Kupitia ukuta mwembamba alisikia ukumbi ukijaa: viatu, vikohozi, watoto wachanga. Wanawake waliozalishwa na Mkunga walikuja na waliozaliwa, wengine wakiwa watu wazima wenye ndevu. Mwisho alitoka mbio, akatapika kwenye beseni la kufulia lililokuwa nje.

Aliporudi, mwanamume mmoja mwembamba alikuwa amesimama pale na gilasi ya maji. Nyuzi hakuwa amewahi kumwona kwa karibu, lakini hakuhitaji kutambulishwa. Mfamasia alikuwa na macho yaliyochoka, na mikono ya shati lake alikuwa ameikunja kwa ajili ya viti.

"Sukutua kwanza, halafu unywe kidogo kidogo," alisema. "Usinywe yote mara moja."

"Asante."

"Asante wewe kwa kuja. Usiku kucha hakulala. Alikuwa anasema, 'Nikimwita asipokuja?' Nikamwambia atakuja."

"Kwa nini ulimwambia hivyo? Hunijui."

Mfamasia akatabasamu kwa huzuni. "Nilitaka alale."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Nyuzi angefurahi kama angeweza kumchukia. Mtu mbaya angemwachia walau pa kushika. Huyu hakumwachia kitu.

Chiriku akaingia wakati msemaji wa mwisho akimalizia. Wakasimama karibu karibu kwa mara ya kwanza baada ya muda wote ule, na Nyuzi akaona kwamba amekonda, na kwamba ile alama ndogo juu ya mdomo wake ipo palepale.

"Unatetemeka," Chiriku alisema.

"Natetemeka."

"Mimi pia. Sikiliza. Ukikosea, kosea. Ukipiga ovyo, piga ovyo. Ukishindwa kabisa, kaa tu na gitaa lako mapajani, niko radhi. Lakini usiinuke."

Akataka kumjibu kitu, kitu kikubwa alichokuwa amekitunza miezi yote ile. Majina yao yakaitwa.

* * *

Jukwaani walikuwa wamewekewa kiti kimoja na kipaza sauti kimoja. Nyuzi aliketi. Hofu ilikuwa imefika kabla yake. Pumzi ileile ikavuma, jasho lilelile likamchuruzika mgongoni. Macho ya watu yalikuwa yamejaa mpaka madirishani, wengine wamesimama nje wakichungulia. Picha ya Mkunga ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na Mkunga alikuwa akimwangalia vilevile alivyomwangalia siku ile dukani.

Upande wa kulia mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mwanga wa mchana uliingia hapo, na mashuka yalionekana yakipepea kwenye kamba. Ilikuwa hatua chache tu.

Chiriku akaanza. Kama siku ile, hakungoja gitaa.

"Usizime taa, ningali njiani,
mvua imenishika, giza limetanda..."

Nyuzi akaushusha mkono. Ukashuka vibaya. Uzi mmoja ukalia kama kopo lililopigwa teke, na mtu kwenye safu ya mbele akashtuka. Damu ikampanda Nyuzi usoni. Zamani hapo ndipo dunia ilipoishia. Sasa alikaa akingoja iishe, na haikuisha. Mtoto mchanga alilia huko nyuma, mama yake akambembeleza. Chiriku hakugeuka hata kidogo. Alikuwa akiendelea, na wimbo ulikuwa ukipita karibu na Nyuzi kama watu wanaokwenda njia moja. Kulikuwa na nafasi ya kuingia.

Akaingia. Vidole vilitetemeka, sauti ikatetemeka pamoja navyo. Hakupiga kama alfajiri. Alipiga kama mtu anayetembea na mguu uliochomwa mwiba. Lakini alikuwa akitembea. Hofu haikumwondoka, ilikaa naye kwenye kiti kilekile, imembana mbavu, naye akaiacha ikae.

"Usifunge mlango, weka komeo kando,
nitafika nimechoka, unipokee."

Kwenye neno hilo la mwisho Chiriku akakatika.

Hakukohoa wala hakulia kwa sauti. Alinyamaza tu, mdomo wazi, macho kwenye picha iliyokuwa mezani. Mfamasia akanyanyuka nusu kutoka kitini. Kaka yake Chiriku, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaanza kusogea jukwaani kama alivyosogea mwaka juzi.

Nyuzi aliona yote hayo. Akajua kwamba sasa macho ya watu wote yamemhamia yeye, kwa kuwa gitaa ndilo pekee lililobaki likisema. Alikuwa peke yake mbele za watu, mahali alipomwacha Chiriku siku ile. Mkono ukataka kusimama.

Hakuuacha usimame. Akaurudia mwanzo wa ubeti, taratibu zaidi. Ulipofika mahali pa sauti na sauti haikuja, akaurudia tena. Akamtazama Chiriku usoni, bila kumhimiza, kama mtu anayemwambia mwenzake: chukua muda wako, mimi nipo. Akaurudia tena.

Muuguzi mmoja mnene aliyekuwa safu ya pili akaanza kuvumisha ule wimbo, mdomo umefumba. Jirani yake akamfuata. Wakafuata wengine, wanawake wa wodini na wanawake waliowahi kulala wodini, mvumo wa chini chini kama nyuki ndani ya mzinga. Walikuwa wakiujua wote. Kaka mtu akasimama pale alipofika, akaufunika uso wake kwa kiganja.

Chiriku akavuta pumzi. Akarudi.

Aliimba mpaka mwisho, sauti imechakaa, na gitaa halikumwacha hata mahali pamoja. Walipomaliza hapakuwa na makofi. Haikuwa siku ya makofi. Watu walilia tu, kila mtu na wake.

* * *

Nyuzi alimkuta Chiriku nje, karibu na kamba za mashuka. Alikuwa ameketi juu ya ngazi ya saruji, amevua viatu. Nyuzi akaketi ngazi ya chini yake.

"Umekaa," Chiriku alisema.

"Nimekaa."

"Ulikosea pale mwanzo. Vibaya sana."

"Najua. Nilidhani nitakufa."

Chiriku akacheka kidogo, kicheko kilichogeuka kikohozi. Halafu akawa anatazama shuka moja lenye doa lisilotoka.

"Nikwambie kitu? Siku ile ya mashindano haikuniuma kwa sababu ya watu kucheka. Watu wanacheka, wanasahau. Wala kwa sababu hukupiga. Ungekaa pale, gitaa limelala, midomo imekukauka, tukashindwa wote wawili, ningekupenda mpaka nazeeka."

"Nisamehe, Chiriku."

"Nilishakusamehe siku nyingi. Si hilo."

"Basi ni lipi?" Akageuka, akamtazama. Maneno yale aliyoyatunza yakamtoka yote kwa pamoja, bila mpangilio. "Nilikuwa nakuja kwenu jioni. Naona taa ya chumba chako, narudi. Mama yako aliponikataza nilishukuru, unaelewa? Nilishukuru, kwa sababu nilipata wa kumlaumu. Nakupenda. Sijawahi kuacha. Leo nimejua naweza kukaa. Nitakaa popote utakaponiambia. Nikusubiri? Niambie nisubiri tu, sitaki zaidi ya hapo."

Chiriku alikuwa akilia sasa, bila kujifuta. Akaunyoosha mkono, ule wenye pete, akamgusa shavuni kwa nyuma ya vidole. Nyuzi akafumba macho.

"Mama nimemzika wiki hii," alisema. "Wewe nilikuzika mwaka juzi. Peke yangu, Nyuzi, bila mtu wa kunipa pole, kwa sababu ulikuwa hai. Nilichimba mpaka mikono ikaota malengelenge. Sina nguvu ya kufukua."

"Chiriku..."

"Na yule ndani ni mtu mzuri. Simpendi kama nilivyokupenda. Sidhani kama mtu hupenda hivyo mara mbili. Lakini nikiamka yupo. Nimechoka sana. Nataka mtu ambaye nikiamka yupo."

Nyuzi akaushika ule mkono uliokuwa shavuni pake, akaubusu kiganjani mara moja, akauachia.

Mfamasia akatokea kwenye kona ya jengo, akasimama mbali, funguo za gari mkononi. Hakuita. Chiriku akavaa viatu vyake, akajipangusa gauni. Alipopita, mkono wake ukagusa bega la Nyuzi kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani ili asijikwae. Kisha akaenda. Mfamasia akamvika koti lake mabegani, wakaondoka pamoja, polepole.

Nyuzi akabaki ngazini. Hakuwa na machozi. Kifuani palikuwa patupu na baridi, kama duka lililohamwa.

"Kinyozi."

Kaka mtu alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu, na alijaribu kuyafanya yaonekane ya hasira.

"Watu hawataki kuondoka," alisema. "Wanataka wimbo mwingine. Nimewaambia dada yangu hawezi, ameshakwenda kupumzika. Wanasema basi, hata gitaa tu."

"Gitaa tu?"

"Mimi sijui mambo hayo. Ndivyo wanavyosema." Akajikuna kovu la mkononi. "Yule muuguzi mnene amesema Mama angefurahi. Mimi nimesema nitauliza."

"Na wewe unataka?"

Jamaa akatazama pembeni, kule kwenye mashuka. "Nimekuuliza, au sijakuuliza? Ingia, bwana, kabla sijabadili mawazo."

Nyuzi akainuka. Akalichukua gitaa aliloliegemeza ngazini. Akapita mlangoni, kaka mtu akampisha, na akapanda jukwaani ambapo sasa hapakuwa na mtu mwingine, ni kiti tu na kipaza sauti kilichowekwa kwa kimo cha mtu aliyesimama. Macho yakamgeukia yote. Jasho likaanza upya. Alilipakata gitaa, akangoja mikono itulie, na ilipokataa kutulia akaanza hivyo hivyo.

Alipiga kitu ambacho hakikuwa na maneno, alichokuwa akikipiga peke yake alfajiri. Watu wakanyamaza. Katikati yake, kupitia dirishani, akasikia gari likiwashwa uani. Mlango wake ulikuwa umefungwa taratibu, kama na mtu mwangalifu, akajua ni mfamasia. Akasikia magurudumu yakisaga kokoto, yakielekea getini.

Hakuinua kichwa. Gari lilipopinda kuingia barabarani vidole vyake vilipotea njia, mlio mmoja ukaharibika mbele ya watu wote. Akaurudia, polepole, mpaka ukakaa sawa. Akaendelea.